Ndugu zangu wanampangia baba safari ya Serengeti, na mimi pekee najua kwamba haoni

Shikamoo Mama,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuandikia. Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama yetu alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo baba anaishi nyumbani kwangu. Mwezi wa saba atatimiza miaka 72.

Baba alikuwa dereva wa malori. Kwa karibu miaka thelathini aliendesha barabara ya Zambia, Dar hadi Tunduma na kurudi. Barabara ile inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo sisi tumekua kwa hadithi za Mikumi. Alikuwa akirudi na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwenye gunia, na kabla hajavua viatu tunamzunguka atusimulie. Tembo aliyesimama katikati ya lami usiku wa manane, yeye akashusha taa na kusubiri hadi mwenye njia apite. Macho ya swala yakimetameta pembeni ya barabara kama kijiji kilichowasha vibatari. Kila hadithi ilimalizika kwa maneno yaleyale: "Siku moja nitapita pale bila mzigo." Hakupita. Siku zote alikuwa na mzigo wa watu na muda wa watu, hadi akastaafu.

Sasa mdogo wangu anayenifuatia amewachangisha wenzetu. Mpango ni Serengeti, siku saba, mwezi wa saba, kwenda kuona nyumbu wakivuka Mto Mara. Tutakuwa sote wanne na wajukuu wawili, gari moja. Baba hajaambiwa. Wanataka iwe sapraizi. Malipo ya awali yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Tatizo langu ni hili. Miaka miwili iliyopita nilimpeleka baba hospitali, akaambiwa ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Tulipotoka pale alinishika mkono akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hata wadogo zangu. Alisema, "Nimebeba mizigo maisha yangu yote, sijawahi kuwa mzigo." Nikamwahidi.

Tangu siku hiyo naona mambo ambayo wengine hawayaoni. Akimimina chai huweka kidole kwenye ukingo wa kikombe, ndani kidogo, ili ajue imefika wapi. Anahesabu ngazi kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kwenye harusi ya mpwa wangu alimpita dada yake wa damu bila kumsalimu, watu wakasema mzee siku hizi ana kiburi. Alisikia. Alinyamaza.

Naogopa zile siku saba ndani ya gari. Najua wadogo zangu watasema, "Baba, umemwona chui?" naye atajibu, "Nimemwona." Kutwa nzima, siku saba. Nikipinga safari, mdogo wangu ameshanitamkia kwamba sitaki wao wamfanyie baba kitu kwa kuwa tu anakaa kwangu. Nikisema ukweli, nimevunja ahadi. Wakati mwingine nawaza nimchukue mimi mwenyewe kimyakimya, siku mbili, nimpeleke Mikumi yake. Halafu najiuliza, akifika ataona nini? Labda nimeshachelewa. Nisaidie, Mama.

Binti wa Dereva

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye kile kidole kilicho ukingoni mwa kikombe. Mtu anayejifunza kumimina chai kwa kidole ili asimsumbue bintiye ni mtu mwenye heshima kubwa. Na binti anayeona akanyamaza, miaka miwili, naye amebeba. Kwanza nataka nikupe pole kwa hilo, kwa sababu katika barua nzima hukujihurumia hata mstari mmoja.

Nikikuelewa vizuri, mambo mawili yamefungwa kamba moja. Kuna safari, na kuna siri. Unaona kwamba ukiigusa moja lazima uiharibu nyingine: ukiitetea siri, baba ataaibika ndani ya gari, ukimwokoa na gari, umeisaliti siri. Sina hakika kwamba kamba hiyo imekazwa kiasi unachofikiri. Naomba tuifungue taratibu, tuanze na siri.

Baba alikuomba usiseme kwa sababu aliogopa kuwa mzigo. Nakuamini, na ahadi uliyompa mzazi wako akiwa ameshika mkono wako si kitu cha kuchezea. Lakini je, siku ile kuna mtu aliwaeleza kwamba presha ya macho hutembea katika damu? Ndugu wa karibu wa mgonjwa, maana yake watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja, wana hatari kubwa zaidi ya kuipata kuliko watu wengine. Sisi watu wa asili ya Kiafrika hutupata zaidi, na mara nyingi hutuanza tukiwa bado vijana kiasi. Haiumi. Hula uoni wa pembeni kwanza, polepole, na mtu hushtuka wakati sehemu kubwa imeshakwenda. Kilichopotea hakirudi. Ila ikigunduliwa mapema, dawa za matone au upasuaji huishusha ile presha na kulinda kilichobaki.

Kwa hiyo siri hii si ya macho ya baba peke yake. Ndani yake mna macho yako wewe, ya wadogo zako watatu, na ya yule shangazi aliyepitwa harusini bila salamu. Sikuambii ukimbie kwenye kundi la familia ukatangaze usiku huu. Nakuambia una jambo la kumrudia nalo baba ambalo huenda hakulijua alipokufunga mdomo. Kumwambia "Baba, watu wamekuona una kiburi" kutamuumiza bure. Kumwambia "Baba, wadogo zangu wanatakiwa wapimwe, na ni wewe tu unayeweza kuwafanya waende" ni kumpa kazi ya baba. Na wewe je, umepima? Kama bado, nenda wiki hii. Ukimrudia ukiwa umeshapimwa, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.

Anaweza kukataa. Ni haki yake, na ukimlazimisha utapoteza imani ya mtu mmoja aliyekuchagua wewe. Akikataa, bado unaweza kumwomba kibali kidogo zaidi: umwambie mdogo wako mmoja tu, yule mwenye mpango. Kati ya kusema yote na kutosema lolote kuna nafasi pana.

Sasa hiyo sapraizi. Hapa nitakuwa wazi, inanipa wasiwasi kuliko Serengeti yenyewe. Baba yako kwa miaka thelathini hakuondoka na gari bila kuzunguka tairi zote, bila kujua mzigo ni nini na atalala wapi. Mtu wa namna hiyo, tena asiyeona vizuri, akipakiwa kwenye gari na kupelekwa mahali asipopajua, ndani ya nyumba ya hema asiyoijua ngazi zake, amegeuzwa kile hasa alichokiogopa. Amegeuzwa mzigo. Wadogo zako hawana nia hiyo hata kidogo. Wanampenda na wanataka kuuona uso wake akishangaa. Lakini hebu fikiria furaha ya miezi mitatu ya kupanga pamoja naye, yeye akiulizwa, "Mzee, tupite wapi, tulale wapi, msimu gani tembo walikuwa wengi barabarani?" Anayajua hayo. Kwa nini tumnyang'anye sehemu ya safari anayoiweza kuliko ninyi nyote?

Umeuliza ataona nini. Swali hilo limekaa zito, nami nataka nilijibu kwa uangalifu, maana naona umeshaanza kulijibu mwenyewe kwa huzuni.

Ulisema jicho la kulia ni kama kuchungulia kwenye bomba. Presha ya macho mara nyingi huacha kitovu cha uoni kwa muda mrefu huku ikila kingo. Muulize daktari wake ni kiasi gani kimebaki pale katikati, kwa sababu kama kitovu kipo, tembo aliye mita ishirini kutoka kwenye gari anaweza kuonekana vizuri: jicho, kope ndefu, mikunjo ya mkonga. Chui aliyelala juu ya mti wa mbali, mwenye rangi ya matawi, hatamwona, na hata wenye macho mazima humtafuta dakika kumi. Uchaguzi wa mnyama, basi, ni uchaguzi wa heshima ya baba. Tafuteni wakubwa, walio karibu, walio wengi, waliosimama kwenye eneo la wazi. Tembo, twiga, nyati, viboko majini. Achaneni na ule mchezo wa kuhesabu nani ameona chui na nani hajaona.

Halafu kuna masikio. Ngurumo ya simba usiku husikika hata kilomita nane. Tembo wakiwa karibu utasikia tumbo la ardhi likinguruma taratibu, majani yakikwanyuliwa, maskio yakipiga kama mkeka unaokung'utwa. Viboko hucheka kwa zamu, kundi hili likijibu lile. Na harufu: mavi mabichi ya tembo yana harufu ya nyasi zilizolowa, na baba yako anaijua kutoka kwenye dirisha la lori. Tembo mwenyewe, nikuambie, si mwenye macho makali. Anaijua dunia kwa mkonga na masikio.

Na kuna jambo jingine ambalo barua yako imelisema bila kujua. Baba yako hajawahi kuendesha peke yake. Alikuwa na utingo. Lori lenye tela likirudi nyuma kwenye yadi, dereva haoni kitu. Anamsikiliza utingo aliye chini, anayegonga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, kata kulia, njoo, hapohapo! Miaka thelathini alitumia macho ya mtu mwingine na hakuna aliyemwita kipofu. Ile ilikuwa kazi, nayo ilikuwa na lugha yake. Sijui kama atakubali uwe utingo wake, lakini ukimwomba kwa neno hilohilo, nadhani ataelewa unachomaanisha kabla hujamaliza sentensi.

Utingo mzuri haulizi "umeona?" Anasema mahali. Waongoza watalii wengi huelekeza kwa mishale ya saa, na hilo huwachanganya wengi wetu, maana saa tatu yetu mshale wake uko kwenye tisa. Tumia gari lenyewe: "Kwenye saiti mira ya kulia, usawa wa bampa, hatua arobaini, wawili, mkubwa ana pembe moja iliyovunjika." Kwa dereva hiyo ni ramani kamili.

Tukija kwenye mipango yenyewe, sioni mmoja ulio mbaya na mwingine mzuri.

Serengeti ya mdogo wako ina mambo yake. Kuvuka kwa nyumbu Mto Mara hutokea kaskazini kabisa mwa hifadhi, takribani Julai hadi Oktoba, na hakuna anayeweza kukupa siku. Mnaweza kukaa ukingoni kwa muda wa saa nne, tano, nyumbu wakajipanga, wakasita, wakageuka. Magari huwa mengi. Kwa mzee ambaye hawezi kuruka macho upesi kutoka hapa hadi pale, vumbi na haraka ile vinaweza kuwa kelele tupu. Lakini pia nisimpunje mdogo wako: maelfu ya nyumbu wakikoroma kwa pamoja na maji yakipigwa kwato ni jambo la kusikia, na umbali wa siku saba na watoto wake wote garini huenda ukawa ndio anaoutaka. Kama ni Serengeti, kuna msimu mwingine wa kufikiria, Januari hadi Machi, nyumbu wanapozaa kwenye mbuga za nyasi fupi za kusini kuelekea Ndutu. Huko ni wazi hadi upeo, na wanyama wako kila upande. Asiyeona pembeni hahitaji kumtafuta mmoja.

Mikumi yako iko chini kidogo ya kilomita 300 kutoka Dar, na uwanda wa Mkata uko wazi, wenye tembo, nyati, twiga, pundamilia, na bwawa la viboko ambalo watu hukaa kulisikiliza kwa muda mrefu. Miezi ya ukavu, Juni hadi Oktoba, ndiyo mizuri. Masika ule udongo mweusi hunasa magari. Faida kubwa ni kwamba pale ndipo hadithi zilipo. Hatari iko kwenye lile neno lako, kimyakimya. Wadogo zako wakijua baadaye kwamba ulimpeleka peke yako huku ukiuzuia mpango wao, ile tuhuma ya mdogo wako itapata miguu. Tena baba atakuwa amefichwa mara mbili. Mnaweza kuanza Mikumi wote kwa siku mbili, kisha yeye mwenyewe aseme kama ana hamu ya kwenda mbali zaidi. Mnaweza pia kusogeza tarehe. Malipo ya awali yana mwisho wake, lakini mwambie mdogo wako mwombe muda kwanza kwa sababu yoyote ya kweli isiyogusa siri: baba ana kliniki, na hiyo ni kweli, daktari aulizwe kabla.

Kwa daktari peleka maswali haya. Kiasi gani kimebaki. Dawa za matone zitunzweje safarini, maana nyingine hazitaki joto na dashibodi ya gari ni tanuru. Beba chupa ya akiba, na saa za kutia zisivurugwe na safari. Dawa ya kuzuia malaria ipi inaendana na anazotumia.

Mwanga ni suala zito kwa macho yake. Alfajiri, ambapo kila kitabu kitakuambia uondoke, huenda kwake ni giza tupu. Ondokeni jua likishapanda, saa moja na kitu, mrudi saa nne jua likianza kuchoma, mtoke tena saa kumi. Kofia yenye ukingo mpana, miwani ya jua. Nguo zisiwe nyeusi wala buluu iliyokoza, mbung'o huzipenda. Mkinunua au kuazima darubini, chagua iliyoandikwa 8x42 na si zile za 12: ikivuta sana, kiduara cha kuona kinakuwa chembamba, na yeye tayari ana chembamba. Ajizoeze nyumbani kwanza, na embe lililo mtini, wakati hakuna anayemtazama.

Akae dirisha la kulia, nyuma ya dereva. Ndilo jicho lake, na ndio upande wake wa miaka yote. Mkifika mahali pa kulala bado kuna mwanga, mzungushe polepole: mlango, ngazi, choo, kamba za hema. Mwache azihesabu. Tochi ilale mkononi mwake. Na mwongoza watalii aambiwe mapema, faraghani, kwa kibali cha baba, ili azime injini na kukaa badala ya kukimbilia mnyama mwingine.

Hilo la kuzima injini ndilo ningelipigania kama ningekuwa na nafasi ya kupigania moja tu. Nimewahi kukaa Mkata gari likiwa limezimwa, hakuna anayesema, na baada ya dakika tano nyika huanza kusema yenyewe. Dereva wa lori hajawahi kuisikia Mikumi. Aliisikia injini yake.

Sitakuambia uchague ipi. Wewe unamjua, mimi namjua kwa kurasa mbili. Ila kama unatafuta pa kuanzia, usianze na wadogo zako wala na macho yake. Jioni akishamimina chai yake, kaa karibu umuulize: Baba, ile siku ya kupita Mikumi bila mzigo, ungesimama wapi kwanza? Kisha unyamaze umpe muda. Nadhani atakutajia mahali hasa, kona na mti, na yatakayofuata baada ya hapo mtayazungumza wawili.

Niandikie uniambie alitaja wapi.